Bibi Shamba Anajibu: Homoni, busta na stroberi za Dodoma

Barua za mwezi huu karibu zote ni za stroberi. Sishangai. Hoteli zimeongezeka mjini, watumishi wa serikali kule Mtumba wanaagiza keki za sherehe, na kikopo kilichosafiri kutoka Lushoto kinafika hapa matunda ya chini yameshatoa maji. Kwa hiyo watu wanapanda uani, wengine ndani ya mifuko ya saruji. Na wote, kila mmoja kwa namna yake, wananiuliza swali moja: nipulize nini izae? Nimechagua barua chache, nimezifupisha, na majina nimeyaacha kabatini kama ilivyo desturi ya safu hii.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Nina miche mia tatu ya stroberi aina ya Chandler hapa Veyula, kwenye matuta yenye nailoni nyeusi. Nilipanda mwezi wa tisa. Majani ni makubwa, marando, vile vikamba vinavyozaa miche, yanatambaa kila upande, lakini maua ni ya kuhesabu. Muuza pembejeo kaniuzia pakiti ya jibarelini ya gramu moja, kasema nichanganye kwenye bomba la lita 20 nipulize kila wiki hadi maua yatoke. Mwanangu naye kanionyesha kwenye simu utafiti wa India unaosema jibarelini na zinki vinaongeza mavuno. Nianze? – Mama wa Veyula

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze.

Jibarelini ni homoni ambayo mmea wenyewe unaitengeneza. Kazi yake kubwa ni kurefusha na kuamsha: inarefusha vikonyo vya majani, inarefusha mashina ya maua, inaamsha kilicholala. Ukiipulizia stroberi iliyo kwenye joto, utapata majani zaidi na marando zaidi, yaani mali ambayo tayari unayo ya kumwaga.

Chandler hutengeneza maua siku zikiwa fupi au kukiwa na ubaridi. Dodoma tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kati ya Desemba na Juni tofauti haifiki saa nzima. Kwa hiyo urefu wa mchana haukusumbui. Kinachokusumbua ni joto. Ulipanda Septemba, mche ukapata nguvu Oktoba na Novemba, miezi ambayo sisi wa hapa tunaijua: saa nane mchana nyuzi joto zinapita 30, na nailoni nyeusi inauchemsha udongo zaidi. Katika hali hiyo stroberi haifikirii matunda kabisa. Inatuma marando ikatafute pengine pa kuishi.

Sasa huo utafiti wa kijana. Sina ugomvi nao. Tafiti za aina hiyo zimefanywa nyingi kwenye tambarare za kaskazini mwa India, na vipimo wanavyotaja mara nyingi ni ppm 50 hadi 100 (yaani miligramu kwa kila lita ya maji) za jibarelini, pamoja na zinki salfeti ya asilimia 0.2 hadi 0.6. Lakini mwambie arudi kwenye kurasa za mwanzo, pale wanapoeleza tarehe za kupanda na hali ya hewa. Kule miche huingia shambani Septemba au Oktoba, halafu Desemba na Januari baridi inabana kwelikweli, usiku unashuka chini ya nyuzi 10, mche unajikunyata na kusinzia. Jibarelini inauamsha, mashina ya maua yananyooka, mavuno yanawahi. Kwao ni kweli. Hapa Veyula mwezi wa kumi hakuna mche uliosinzia. Joto limeshauambia mche utoe marando, na wewe unataka kurudia agizo lilelile kwa sauti kubwa zaidi. Tena kwa aina kama Chandler, homoni hii ikiwahi kabla chipukizi la ua halijaumbika, huweza kulizuia lisiumbike.

Halafu kipimo alichokupa. Gramu moja ya jibarelini tupu kwenye lita 20 ni ppm 50. Geuza pakiti usome asilimia. Ikiwa ni 90, umepata ppm 45. Ikiwa ni 10, umepata ppm 5. Ndiyo maana jirani akikuambia "mimi natia kijiko kimoja" hajakwambia kitu. Na hiyo "kila wiki" sijui ameitoa wapi. Hao watafiti wenyewe hupuliza mara moja au mbili kwa msimu mzima. Anayepitiliza anapata vikonyo virefu vilivyolegea na tunda laini lisilovumilia bodaboda hadi soko la Majengo.

Fanya hivi. Chukua mkasi, kata marando yote kila wiki, yakiwa bado mafupi. Kuna watu watakuuzia paklobutrazoli ya kuyazuia. Achana nayo, inakaa kwenye udongo muda mrefu na utakachopanda baadaye kitadumaa. Mkasi hauachi masalia. Acha urea kabisa kwa sasa. Tandaza nyasi kavu juu ya hiyo nailoni, na kama una uwezo weka neti ya kivuli wakati wa jua la mchana. Msimu ujao badilisha kalenda: panda mwishoni mwa Machi au Aprili, ili kufikia Juni na Julai, usiku ukiwa wa nyuzi 13 au 14, mche uwe na kitovu (lile shina fupi la katikati) kinene kilicho tayari kutoa maua. Hiyo miezi miwili ya baridi itakupa zaidi kuliko pakiti yako.

Na kama mkono unawasha na lazima ujaribu, ngoja hadi uone vichwa vya maua vimeshajitokeza katikati ya mche, chagua miche kumi pembeni, puliza mara moja tu kwa nusu ya kipimo, ifunge kamba nyekundu ili uweze kuilinganisha na mingine.

SWALI: Bibi Shamba, habari za kazi. Stroberi zangu za Ihumwa ziko ndani ya kibanda cha neti, zinatoa maua mengi, lakini matunda yanatoka yamekunjamana kama sikio. Nimeambiwa ni upungufu wa boroni. Nimepuliza boroni mara tatu mwezi huu, sasa kingo za majani zinaungua na matunda bado yamepinda. Niongeze kipimo au nihamie kwenye homoni ya oksini? – Fundi wa Ihumwa

JIBU: Salama kabisa, mwanangu. Weka bomba chini kwanza. Kingo zinaungua kwa sababu boroni imezidi. Katika virutubisho vyote vidogo, huyu ndiye mwenye njia nyembamba kuliko wote. Kati ya upungufu na sumu kuna hatua fupi sana, na stroberi ni mwepesi kuungua. Mwagilia kwa maji mengi mara mbili tatu ili boroni iliyodondokea udongoni ishuke chini ya mizizi, na usiiguse tena msimu huu.

Sasa chuma tunda moja lililopinda, kaa kwenye mwanga, litazame taratibu. Vile vijipunje vya juu ya ngozi ndivyo matunda halisi ya mmea huu. Kile chekundu tunachokula ni kitako cha ua kilichovimba. Tazama upande ulionenepa: vijipunje vyake ni vikubwa, vimejaa, vimeachana. Tazama upande uliokunjamana: vijipunje ni vidogo, vyembamba, vimesongamana. Huko hakukuchavushwa.

Sababu yake ilionyeshwa na mtaalamu Jean Nitsch mwaka 1950. Aliondoa vijipunje kwenye tunda changa, na tunda likaacha kukua. Alipobakiza mstari mmoja, nyama ikavimba kwenye mstari huo peke yake. Alipoondoa vyote kisha akapaka oksini, tunda likakua. Maana yake kila kijipunje kilichochavushwa ni kiwanda kidogo cha oksini kinacholisha nyama iliyo chini yake. Kisipochavushwa, kiwanda hakifunguliwi, na hapo nyama haivimbi.

Kwa hiyo kweli tatizo lako ni upungufu wa oksini, ila dawa yake haipo dukani. Umewafungia nyuki nje ya neti! Ua la stroberi linahitaji kutembelewa mara kadhaa ili vijipunje vyake vyote, ambavyo hufika mamia, vichavushwe. Funua neti pande mbili asubuhi maua yakiwa wazi, ufunge mchana jua likikaza. Sisi tuko jirani na Singida, nchi ya asali. Tafuta mzinga wa nyuki wadogo wasiouma, uuweke ndani ya kibanda. Wakati ukisubiri, tumia brashi laini ya rangi, zungusha polepole katikati ya kila ua asubuhi. Kazi ya kuchosha, lakini kwa kibanda kidogo inawezekana, na watoto wa shule wanaipenda.

Oksini ya kupulizia, kama ile NAA, kwa mkulima wa kawaida siishauri. Inafanya kazi ikiwa kidogo sana. Ikizidi kidogo inazuia ukuaji badala ya kuuchochea.

Utajuaje siku boroni ikipungua kweli? Majani machanga yanakunjana na ncha zake zinakauka, maua ni madogo, na matunda yanapinda hata pale nyuki walipo wengi. Hapo tumia asidi ya boriki gramu 10 tu kwenye lita 20, mara moja, kabla maua hayajafunguka, jioni. Nasema gramu 10 nikijua vitabu vingine vinaandika 20.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Nala, namwagilia kwa matone kutoka kisima kirefu, miche mia nne. Majani machanga yanageuka njano, mishipa inabaki kijani. Ya zamani yanaungua kingo. Kwenye vitobo vya mipira kunaganda unga mweupe. Nimeshanunua busta (virutubisho vya kupulizia majani) mbili za chuma na zinki, nikipuliza yanarudi kijani wiki moja kisha yaleyale. Fundi wa kisima alipima chumvi akaniambia EC, yaani kipimo cha chumvi kwenye maji, ni 1.5 lakini watu wanakunywa hayo maji bila shida. Natumia pia samadi ya mbuzi kwa wingi. – Baba wawili, Nala

JIBU: Marahaba baba. Barua yako ningependa kila anayetaka kulima stroberi Dodoma aisome kabla hajanunua mche, maana umeandika majibu yote mwenyewe.

Watu wanakunywa, ndiyo. Mbuzi nao wanakunywa. Mtama hautanung'unika na mzabibu utavumilia. Stroberi haivumilii. Katika jedwali la mazao na chumvi la FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, stroberi imekaa kwenye kundi la wadhaifu kabisa: maji yenye EC ya 0.7 haipotezi kitu, ya 0.9 mavuno yanapungua sehemu ya kumi, ya 1.2 robo imekwenda, ya 1.7 nusu imekwenda. Wewe uko 1.5. Umeshapoteza zaidi ya robo, unaelekea nusu, kabla hata hujafungua kifuniko cha busta. Hizo kingo zilizoungua kwenye majani ya zamani ndiyo chumvi yenyewe, na samadi ya zizini inaongeza chumvi juu ya chumvi, hasa ikiwa mbichi na imekaa mahali pasipofika mvua. Punguza, na hiyo utakayotia iwe imeoza mpaka haina harufu.

Huo unga mweupe kwenye vitobo unasema jambo la pili: maji yako yamebeba chokaa na bikaboneti. Hayo hupandisha pH ya udongo (kipimo cha uasidi, kikipanda uasidi umepungua) kidogo kidogo. Stroberi inataka 5.5 hadi 6.5. Ikipita 7, chuma kimo udongoni lakini kimefungwa, mizizi haiwezi kukivuta, na jani changa linakuwa njano likibakiza mishipa ya kijani. Ukipulizia, unalisha jani lililopo leo. Jani litakalotoka wiki ijayo halikupuliziwa, na mizizi yake bado imefungiwa. Ndiyo sababu ya "kisha yaleyale".

Kwa hiyo anza na maji. Una bati? Kila mita moja ya mraba ya bati, kwa kila milimita moja ya mvua, inakupa lita moja. Paa la mita za mraba 100 na mvua ya milimita 550, ambayo ndiyo kama yetu ya mwaka, ni lita 55,000. Toa za kupotea, kubali 45,000. Najua huna tangi la kuzihifadhi. Sema una la lita 10,000. Miche 400 kwa lita 0.4 kila mmoja ni lita 160 kwa siku. Ukichanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima, unatumia lita 80 za tangi kwa siku, na linakufikisha siku 125. Likijaa mwisho wa Aprili linakuvusha hadi mwisho wa Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya maua na matunda. Mchanganyiko wenyewe utakuwa na EC ya kama 0.75. Umerudi karibu kabisa na mstari salama kwa kutumia maji yaliyokuwa yanachimba mfereji mlangoni kwako.

Mara mojamoja mwagilia kupita kiasi makusudi, chumvi ishuke chini. Mizizi mingi ya stroberi iko sentimita 30 za juu. Tuta liwe la juu na lenye mchanga ili maji hayo yapate pa kwenda. Potashi usinunue ile ya kloridi, nunua ya salfeti.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze chuma, na hapa soma lebo vizuri maana pesa nyingi hupotelea hapa. Chuma cha kelati, yaani kilichoshikwa na kiungo kinachokilinda kisifungwe udongoni, kipo cha EDTA na cha EDDHA. Cha EDTA kinamwachia chuma pH ikipita 6.5 hivi, kwa hiyo kwenye udongo wako kitakufa siku chache. Cha EDDHA kinashikilia hata kwenye udongo wenye chokaa nyingi. Utakitambua: ni unga wa rangi ya damu ya mzee, na maji yake yanakuwa mekundu. Hicho hakipuliziwi kwenye majani, kinapitishwa kwenye matone au kumwagwa shinani. Ni ghali. Kiasi kidogo kwa miche iliyougua zaidi kinatosha kuanzia.

Zinki sijui kama unaihitaji, na wewe pia hujui, busta ilikuchagulia. Kata jani changa ulinyanyue kuelekea jua. Upungufu wa zinki kwenye stroberi una alama yake: ndani ya jani pamefifia, lakini kando ya meno ya jani kunabaki utepe mwembamba wa kijani unaozunguka. Ukiuona, zinki salfeti gramu 40 kwa lita 20 pamoja na gramu 20 za chokaa iliyozimwa ili isiunguze. Usipouona, hifadhi fedha yako.

Jambo la mwisho kwako. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, gonga jani mara mbili. Vikidondoka vidoa vinavyotembea, hao ni utitiri. Kwenye ukavu wetu wa Septemba hadi Novemba wanazaliana mno, na jani linafifia na kugeuka rangi ya shaba hata kama lina chuma na zinki tele. Nimeona watu wakipulizia busta juu ya utitiri msimu mzima.

Kama unataka uhakika wa maabara, udongo na majani unaweza kuvipeleka chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga, na maji kwenye maabara za Wizara ya Maji. Jani la kupeleka ni lile changa lililokwisha kukomaa kukua, si la mwanzo kabisa katikati wala la zamani la chini.

SWALI: Bibi, naweza kuchanganya jibarelini, zinki, boroni, kalsiamu na dawa ya ukungu kwenye bomba moja ili nisirudie kazi? – Mwenye haraka, Chang'ombe

JIBU: Hapana. Kalsiamu ikikutana na salfeti inaganda jasi na kuziba nozeli. Zinki ikikutana na mbolea ya fosfeti nayo inaganda. Jibarelini inaharibika kwenye maji yenye pH ya juu, na ya kisima cha Dodoma mara nyingi ndivyo yalivyo. Ipulize peke yake, kwa maji ya mvua au yaliyotiwa ndimu kidogo, na uitumie siku ileile uliyoichanganya. Unga wake hauyeyuki vizuri majini, uanze na spiriti kidogo. Zinki na boroni zinaweza kwenda pamoja. Kila unapotaka kuchanganya vitu viwili, vichanganye kwanza kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha, subiri nusu saa. Ukiona ukungu au machicha chini, umepata jibu bila kuharibu bomba.

SWALI: Shikamoo. Nina ujauzito na napenda sana stroberi. Hizo za homoni zina madhara? – Wa Kisasa

JIBU: Marahaba, na hongera mwanangu. Jibarelini imo ndani ya kila mboga unayokula, kwa kuwa mimea huitengeneza, na kwenye tunda linalouzwa kiasi chake ni kidogo mno. Mimi ningeogopa zaidi dawa za wadudu na ukungu zilizopulizwa jana na tunda kuuzwa leo, kwa sababu stroberi haimenywi. Nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza alipuliza nini na lini, osha kwa maji yanayotiririka, kula. Na wewe mkulima unayesoma hapa: mbolea na busta ziwe zimesajiliwa na TFRA (mamlaka ya mbolea), viuatilifu na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), pakiti isiyo na namba ya usajili iache palepale kaunta, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Mimi ni kijana wa Kondoa. Sitafuti matunda, nataka kuuza miche. Nina mama (miche ya kuzalishia) arobaini wa Chandler na kumi wa Albion, aina nyingine ya stroberi. Chandler wanatoa marando vizuri, Albion wanatoa maua mwaka mzima lakini marando mawili matatu tu. Baba analima zabibu na ana jibarelini anayopulizia mashada. Inaweza kunisaidia? – Kijana wa vitalu

JIBU: Marahaba. Wewe ndiye wa kwanza leo kuuliza kuhusu jibarelini mahali inapostahili.

Kila nililomkataza Mama wa Veyula, wewe unalitaka. Albion ni aina isiyojali urefu wa mchana, inazaa tu, na ndiyo maana haina haja ya kutambaa. Jibarelini ya ppm 50 huisukuma itoe marando. Chandler waache, hawahitaji msaada.

Ya baba inafaa, ila soma asilimia kwenye chupa yake kabla hujapima. Ikiwa ni ya maji yenye asilimia 4, yaani gramu 4 kwenye mililita 100, basi lita 20 za ppm 50 zinahitaji mililita 25. Kwa miche kumi lita moja inatosha na kubaki: mililita 1.25, tumia bomba la sindano la duka la dawa. Puliza jioni, mche ukiwa umeshashika na una majani matano sita mazuri, wakati wa joto. Rudia mara moja tu baada ya wiki mbili. Kabla ya hapo na baada ya hapo ng'oa kila ua linalotokea, bila huruma. Mama hawezi kulea matunda na binti, ile miche michanga ya kwenye rando, kwa wakati mmoja. Mpe naitrojeni kidogo kidogo kwenye maji, na umpe nafasi, mita moja kila upande, marando yapate pa kulala.

Kila kitovu kidogo kwenye rando kikianza kutoa nundu za mizizi, kibane kwa waya uliokunjwa ndani ya kifuko chenye udongo wa msituni na mchanga. Binti wa kwanza na wa pili kwenye rando ndio wenye nguvu. Wa nne na wa tano mara nyingi ni wembamba, wakate. Kata rando baada ya wiki tatu au nne, mizizi ikiwa imeshika kifuko. Binti hao usiwapulizie jibarelini tena, la sivyo mteja wako atabeba majani na marando badala ya maua, kisha ataniandikia mimi.

Kuhusu Albion, ilitolewa na Chuo Kikuu cha California, na aina za namna hiyo huwa na haki za mzalishaji wake. Muulize aliyekuuzia miche kama una ruhusa ya kuizalisha na kuiuza kabla hujaweka bango barabarani. Chandler ni ya mwaka 1983, ya zamani, wengi wanaizalisha bila maswali.

Mama akishakupa binti za msimu mmoja usimtegemee kwa mwingine. Virusi na utitiri hukusanyika kwake na huhamia kwa watoto kupitia rando. Chagua binti bora kabisa wawe mama wapya, waliobaki wang'oe, na kitalu kihamie tuta ambalo halikuwa na stroberi, nyanya wala viazi mviringo.